Ile Hai ya Munyi

"Kendi, mbona Japani ni nyeusi?"

"Bado haijashika, Shosho. Ngoja kidogo."

"Ninangoja. Lakini nimeoga, nimevaa nguo ya kanisa, na nimekataa chai ya pili ndio nisisumbue watu na choo njiani. Tukifika huko tupate wamefunga, utanieleza."

"Shosho, hakuna mahali unaenda. Uko kwa kochi yako."

"Wewe shika waya."

Safari yetu ya Japani ilianzia hapo, kwa sebule ya nyanya yetu, Shosho Eunice, Kanyakine, ng'ombe wakilia nje na majani ya chai yakiwa bado na umande. Mimi naitwa Igoki. Kendi ni binamu yangu. Nina kibanda cha chapati na soseji za smokie huko Nchiru, karibu na chuo kikuu, wanafunzi wote wananijua, na siku hiyo nilikuwa nimefunga biashara nije nione Shosho akitembezwa. Singekosa hiyo hata kwa nini.

Wacha nieleze. Zamani, Shosho akiwa bado mama wa watoto wadogo, mwalimu mmoja Mjapani aliletwa kufundisha sayansi huku kwetu. Aliitwa Haruko, na alikodi kile chumba cha nyuma. Walipendana sana na Shosho, wakafundishana kupika, wakachekana. Lakini kuna siku Haruko alimwambia kwamba nyumbani kwao kuna bustani maarufu sana isiyo na mmea wowote. Ni kokoto na mawe tu, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuketi na kuitazama. Shosho alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo akawa anawaambia watu wa Kanyakine, "Haruko ni mtu mzuri, lakini ni mwongo." Haruko alirudi kwao, na Shosho hakumsahau, yeye pamoja na uongo wake.

Sasa Shosho amefikisha umri, na mjomba Mwongera wa Nairobi akamuuliza anataka zawadi gani ya kuzaliwa.

"Nataka kuona hiyo bustani ya mawe," akasema.

Daktari alikuwa amemkataza ndege kwa sababu ya presha. Shosho akajibu kwamba daktari alikataza ndege, hakukataza TV. Basi mjomba akalipia mtu wa kumtembeza kwa simu, yeye peke yake, mchana kutwa, hekalu baada ya hekalu na bustani baada ya bustani. Kendi hufundisha kompyuta Meru mjini, kwa hivyo kazi yake ilikuwa kuunganisha simu yake na TV. Mwongozaji ni nani, hakuna aliyemwambia.

TV ikawaka. Tukaona lango kubwa la mbao, miti imesimama kando, na mwanaume mrefu mwenye kofia ya majani ameinama kwa heshima.

"Muga, Shosho! Karibu Kyoto!"

Akainua kichwa. Kendi akaangusha chaja.

"Nani alimleta huyu?"

Kwa TV, ile tabasamu ya mwongozaji ikaisha yote.

"Kendi?"

"Usiniite jina."

Nilishika mdomo. Alikuwa Munyi. Munyi wa Kanja, Embu, yule aliyempenda Kendi tangu wakiwa wanafunzi Nchiru. Walikuwa wanakula chapati zangu wakigawana sahani moja na kijiko kimoja, na vijiko vilikuwa vingi. Alikuwa anajifunza Kijapani huku anatembea, akitufundisha na sisi kwa nguvu. Akapata nafasi ya kwenda kusomea utalii huko, akabaki akiongoza wageni, na wakaahidiana na Kendi kwamba akirudi watu wake watakuja Kanyakine kuposa. Halafu mwanzo wa mwaka Kendi akaja nyumbani macho yamevimba, akasema, "Imeisha. Mtu asiniulize." Hakuna aliyeuliza. Yaani, mimi niliuliza, nikafukuzwa.

"Mimi naenda," Kendi akasema akitafuta viatu.

"Enda," Shosho akamwambia. "Lakini simu inabaki."

"Simu ni yangu!"

"Na siku ni yangu. Nimengoja hii safari tangu baba yako akiwa na meno ya utoto. Kaa chini, Kendi."

"Shosho, ulijua ni yeye?"

"Mimi nilijua nataka mtu anayesikia lugha yangu. Ulitaka niletewe Mzungu?"

Munyi akajikohoza. "Shosho, nikiona nimewaletea shida, naweza kutafuta mwenzangu ashike nafasi yangu..."

"Kijana, tembea. Jua litakuchwea hapo kwa gate."

Kendi akaketi. Lakini aligeuza kiti, akaipa TV mgongo, akatazama kalenda ya ukutani.

"Niko. Lakini simwoni."

"Si lazima umwone. Lazima hiyo waya isitoke," Shosho akajibu, na safari ikaanza.

Munyi alipita langoni, akafika penye birika la jiwe lenye maji yanayotiririka kutoka kwa mwanzi. Akachota kwa kata ndefu, akanawa mkono mmoja, kisha mwingine. Hapo ndipo Baba Kendi, Mzee Hezekiah, aliingia kutoka kukamua, mkebe wa maziwa mkononi. Baba Kendi ni mzee wa kanisa. Anafunga vifungo vyote vya shati hata akienda kwa ng'ombe.

"Hiyo ni nini?"

"Ni hekalu, mwanangu," Shosho akasema. "Tuko Japani."

"Na huyo anayeoga kwa hekalu si yule Munyi?"

"Shikamoo mzee," Munyi akasema, sauti imekuwa ndogo.

"Wacha shikamoo! Ulimtesa mtoto wangu, na sasa naona umeingia dini ya sanamu!"

"Hapana, mzee. Mimi ni mtu wa kanisa hadi leo. Hapa natembeza wageni tu. Na hii ni kunawa mikono, vile sisi hunawa kabla ya kula."

"Sasa wanakula wapi?"

"Hawali, mzee. Wanaingia."

"Wananawa na hawali." Baba Kendi akatikisa kichwa. "Mimi sitaketi kwa hii kitu. Nitasimama hapa kwa mlango nilinde mama yangu."

Akasimama. Lakini Munyi akaingia njia yenye masanamu madogo ya mawe, yamepangwa mstari, kila moja limefungwa bibu nyekundu ya kukinga mate shingoni, na mengine yamevaa kofia za kufumwa. Baba Kendi akasogea hatua moja.

"Nani amevalisha mawe?"

"Ni akina mama, mzee. Wazazi wanaleta kwa ajili ya watoto wao, waliopoteza na walio hai. Wengine wanafuma wenyewe."

"Wanafuma vizuri," Shosho akasema. "Huyo wa tatu kofia inamfinya."

Kisha Munyi akavua viatu, akaingia jumba la mbao. Kila akikanyaga, sakafu ililia, *kwii, kwii*, kama vifaranga.

"Wamekosa misumari?" Baba Kendi akauliza.

"Walifanya makusudi, mzee. Hapa mtu akinyata usiku, ubao unalia. Ukikanyaga polepole ndio unalia zaidi."

Baba Kendi akavuta kistuli. Najua alikuwa anafikiria wezi wa avokado, kwa sababu mwezi huo walikuwa wamemwachia miti na majani tu.

"Hiyo ubao inaitwaje?" akauliza, sasa ameketi kabisa.

Kendi kwa kiti chake hakugeuka. Lakini kalenda hiyo aliyokuwa anaitazama ilikuwa ya mwaka jana, na nilimwona masikio yalivyosimama.

Tukatembea. Tukaona bwawa lenye samaki wakubwa wekundu, na Shosho akauliza mbona hawakaangwi. Tukaona akina mama waliofunga vitambaa kichwani wakifagia majani juu ya kuvumwani ya kijani chini ya miti, jani moja moja, kwa vifagio vidogo. Shosho aliwapungia mkono. Munyi akawaeleza kwa Kijapani ni nani anayewapungia, nao wakainama kwa kamera, na Shosho akainama kwa kochi mpaka nikamshika asianguke.

"Munyi," Shosho akasema kama hana neno, "unarudi nyumbani lini?"

Munyi aliendelea kutembea. Tulisikia viatu vyake kwa kokoto.

"Shosho, hiyo nitaijua leo. Bosi wangu anataka jibu jioni hii. Niongeze miaka mitatu, ama nirudi Kenya mwisho wa mwezi. Kuna rafiki yangu Meru anataka tufungue kazi ya kutembeza wageni huko mlimani. Anasema nije tu."

"Na wewe unataka nini?"

"Nikirudi kwa kazi, naweza. Lakini nilikuwa nirudi kwa mtu. Sasa sijui nikishuka kwa matatu Embu stage naelekea upande gani."

Mgongo wa Kendi ukanyooka. Baba Kendi akakohoa akatazama mkebe wa maziwa. Mimi nikajua hapo hakuna utalii tena. Nilitaka Kendi ageuke. Nilitaka nimgeuze na mikono yangu.

"Tembea," Shosho akasema polepole. "Nipeleke kwa Haruko."

Munyi alivuka ukumbi mmoja, akapanda ngazi za mbao, akatuambia tujitayarishe. Halafu akageuza simu.

Haiya! Uwanja mweupe wa kokoto, umechorwa mistari kwa reki, mistari myembamba inayozunguka mawe makubwa yaliyoachwa katikati. Hakukuwa na ua hata moja. Pembeni, watu walikuwa wameketi kwa ubao wa veranda, kimya, wanatazama.

"Nani amelima hapa na hajapanda?" Baba Kendi akauliza. "Wanangoja mvua?"

"Mzee, ndio hivyo ilivyo. Imekaa hivyo miaka na miaka. Kila siku inachorwa tena."

Shosho alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa na mikono miwili.

"Mama?" Baba Kendi akaita.

"Haruko hakuwa mwongo," Shosho akasema. Na machozi yakatoka. "Mimi nilimcheka! Nilimwambia mpaka Pasta! Na bustani iko. Iko, na ni nzuri namna hii."

Nikamletea leso. Hata mimi nilikuwa naona TV mbili mbili.

"Sasa Shosho, hesabu mawe," Munyi akasema ili amtulize. "Baba pia, hesabu."

Wakahesabu, mmoja akisema lake na mwingine lake, wakaanza kubishana.

"Mko sawa wote," Munyi akacheka. "Hapa ukiketi mahali popote, kuna jiwe moja huwezi kuliona. Limejificha nyuma ya lingine. Ukitaka kuliona lazima usogee, na ukisogea, lingine linajificha."

Wakati huo mzee mmoja wa hekalu, aliyeshika reki, alikuja akamwambia Munyi kitu. Munyi akainama.

"Hai. Hai. Hai, hai."

Mzee akaenda. Shosho akafuta macho.

"Kijana, nimekuona tangu asubuhi. Mbona unasalimia mtu mmoja mara nne?"

"Ati nini, Shosho?"

"Hai, hai, hai. Salamu ni moja, mtu akiitikia unaendelea na kazi."

Munyi akacheka. "Hapana Shosho, hiyo sio salamu. Kwa Kijapani hai ni ndiyo. Vile nyinyi mnasema *ii*. Alikuwa ananiambia nisitoke kwa ubao, nami nakubali."

Kendi akaruka kutoka kwa kiti. Mara ya kwanza tangu asubuhi akaitazama TV.

"Anaijua vizuri sana! Muulize Shosho, muulize aliniandikia nini!"

"Nilikuandikia nini?" Munyi akauliza.

"Usijifanye!"

"Kendi, mbele ya baba yako na Shosho na Igoki, nilikuandikia nini? Mimi ndiye niliyefungiwa simu. Nilitoka kazini nikakuta picha yako imepotea, simu haiingii, na hakuna neno. Mpaka leo sijui nilikosa nini."

Kendi akatafuta simu yake, akakumbuka ni hiyo inayoonyesha Japani, akanyoosha kidole tu. Lakini ujumbe huo hakuhitaji kuutafuta. Alikuwa anaujua kwa kichwa.

"Rafiki yako aliweka picha yako mtandaoni. Msichana wa Kijapani amevaa zile nguo za kufunga mshipi mkubwa, amekushika mkono, mnacheka. Nikakuandikia, *Munyi, uko? Huyu msichana ndiye uko naye sasa? Niambie ukweli tu, sitakasirika.* Nikangoja. Na wewe ukajibu neno moja. *Hai.*"

Hata yule mzee wa reki alisimama.

"Ukajibu ndiyo," Kendi akasema. "Kwa Kijapani. Lugha uliyonifundisha wewe mwenyewe kwa kibanda cha Igoki. Hukuwa hata na heshima ya kuniacha kwa Kiswahili!"

Munyi alivua kofia. Akaweka mkono kichwani, akainama mpaka tukaona utosi tu.

"Kendi. Kendi wangu. Ile ilikuwa salamu."

"Nini?"

"Salamu! Hai! Hai ya Kanja! Hai kama sasa, kama niaje, kama uko poa! Niliona tu *Munyi, uko?* juu ya simu, wageni wakashuka kwa gari, nikaandika hai nikatia simu mfukoni. Sikufungua! Nilisema nikimaliza nikupigie. Kumaliza, nimefungiwa!"

Mimi nilianguka kwa zulia kwa kicheko. Baba Kendi alikuwa amekunja uso, anafanya hesabu.

"Ngoja, ngoja kwanza. Kwa hivyo huyu kijana alisema ndiyo, ama alisalimia?"

"Alisalimia, baba," nikamwambia kutoka chini.

"Na huyu akasikia ndiyo."

"Eeh."

"Kwa Kijapani."

"Eeh, baba."

"Na wote ni watu wa huku!" Baba Kendi akapiga goti. "Mmoja wa Meru, mwingine wa Embu! Mmeachana kwa lugha ya watu!"

Lakini Kendi hakucheka.

"Na msichana?"

"Ni bibi harusi. Mimi nilikuwa nimewatembeza yeye na mume wake, wapige picha kabla ya harusi. Huyo mume ndiye alikuwa ameshika kamera. Ningekutumia zingine sasa hivi, lakini umenifungia."

"Mimi sijamfungia," Shosho akasema.

Tukageuka sote. Simu ya Shosho, ile ndogo ya kioo kilichopasuka, ikalia *ting*. Halafu *ting* tena. Halafu tena.

"Shosho!" Kendi akapiga kelele. "Mmekuwa mkiongea?"

"Ananitumia sauti kila Jumapili. Anauliza kama ng'ombe amezaa, anazunguka kidogo, halafu anauliza kama Kendi ako sawa. Unadhani ng'ombe wangu anazaa kila wiki?"

Kendi akachukua simu ya Shosho. Nilimchungulia juu ya bega. Bibi harusi yuleyule, mshipi uleule. Pembeni sasa kuna kijana mfupi wa Kijapani, amemshika kiuno anamcheka, na Munyi yuko nyuma ameshika mwavuli wa wote wawili, yeye mwenyewe analoa.

Kendi aliitazama hiyo picha muda mrefu.

"Na mbona hukunitafuta?" akasema. Sasa hakukuwa na hasira, kulikuwa na kile kitu kilichokuwa chini ya hasira. "Ungetuma mtu. Ungepigia Igoki. Ulikubali tu. Miezi yote hii nimekuwa nikijiambia kama angenipenda angekuja hata kwa miguu."

"Nilidhani umepata mwingine," Munyi akajibu. "Mtu hafungiwi bila neno hivi hivi. Nikasema nisiwe yule mtu wa kusumbua mchumba wa mtu. Niliumia, Kendi. Natembeza watu kwa bustani nzuri namna hii kila siku, nasema *tazameni hapa, tazameni pale*, na mimi mwenyewe sioni kitu. Na wewe uliniuliza swali kubwa hivyo, ukachukua jibu la herufi tatu. Miaka yetu yote, Kendi, herufi tatu."

Kendi akamrudishia Shosho simu yake, akarudi penye kalenda.

"Mimi nilimwita Haruko mwongo," Shosho akasema, akikunja leso yake. "Sikuwa nimeona. Na nilikuwa na uhakika kuliko yeye aliyezaliwa huko."

Baba Kendi akamtazama binti yake, akatazama TV, akasema polepole, "Mimi nililaani huyu kijana kwa maombi ya asubuhi. Kwa jina. Itabidi nirudi nirekebishe."

Hapo ndipo simu ya pili ya Munyi, ile ya kazi, ikaanza kulia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, na uso wake ukabadilika.

"Ni bosi. Ni lile jibu."

"Mwambie angoje!" nikapiga kelele.

"Igoki, hapa bosi haambiwi angoje."

Akarudisha kofia kichwani, akaiweka simu sikioni. Tukasikia sauti ya mwanaume akiongea Kijapani, haraka, kwa adabu. Munyi akainama, akainama tena, lakini hakusema hai. Akafunika simu kwa kiganja.

"Ananiuliza kama narudi nyumbani," akasema. Alikuwa anatazama kamera, na sio sisi sote alikuwa anatutazama. "Kendi, sitaki jibu la kusukumwa. Lakini sasa nauliza vizuri, na nitasoma jibu lote. Nikirudi, narudi kwako? Utanipokea?"

Niliona mkono wa Shosho ukimshika Baba Kendi kwa kifundo ili asiseme kitu. Kendi akasogea. Akatoka penye kalenda, akapita meza, akaenda akasimama mbele kabisa ya TV mpaka sisi wengine hatukuona Japani tena.

"Hai," akasema.

"Ya Kanja ama ya Kyoto?" Munyi akauliza.

"Ya Kyoto! Ndiyo! *Ii!* Kwa lugha zote, Munyi! Mjibu mtu wa watu, anangoja!"

Munyi akainua simu ya kazi, akainama mpaka kofia ikaanguka kwa ile kokoto iliyochorwa vizuri.

"Hai!" akamwambia bosi. "Hai! Hai!"

Mzee wa reki akaja mbio akipiga kelele. Munyi akaomba msamaha akicheka na kulia. Shosho akasimama kutoka kwa kochi, presha na yote, akapiga vigelegele mpaka jirani Wambeti akaja kuuliza nani amejifungua. Ile simu ya Kendi ikaisha chaji papo hapo, kwa sababu waya ulishatoka kitambo na hakuna aliyekuwa anaushika. Japani ikawa nyeusi tena.

Munyi alirudi mwisho wa mwezi ule, vile alivyosema. Kendi alimngoja Embu stage tangu asubuhi, na nasikia walishikana hapo mpaka makanga wa matatu wakaanza kuwapigia makofi. Alikuwa na begi moja, na mfuko wa kokoto nyeupe kwa ajili ya Shosho. Hakuichukua kule hekaluni, aliinunua, msinianze.

Na Agosti watu wa Kanja wakaja Kanyakine. Walikuja wengi, akina mama na vikapu vyao, wazee na fimbo zao, na Shosho akawapitisha kwanza nyuma ya nyumba wakaone bustani yake. Alikuwa amemwaga kokoto mbele ya kile chumba cha Haruko, akaweka mawe, na kila asubuhi anachora kwa reki ya majani. Wageni waliitazama kwa adabu. Mmoja akauliza kama mbegu zilikosa kuota.

Baba Kendi naye alikuwa amelegeza misumari yote ya sakafu ya stoo yake ya avokado. Mtu akipita inalia hadi barabarani.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Ukafika ule wakati ambao kwetu hakuna mzee anayeweza kuuruka. Kibuyu cha uji wa wageni kikawekwa mezani, na Kendi akaitwa asimame mbele ya watu wote. Baba yake ndiye anayeuliza. Msichana akisema hapana, uji unarudi Kanja vile ulivyokuja.

Baba Kendi akafunga kifungo cha mwisho cha shati.

"Kendi, mwanangu. Hawa watu wamesema wametumwa na wewe. Unawajua? Na huu uji wao, tuunywe?"

Kendi akamtazama Munyi, aliyekuwa amekaa kati ya wajomba zake, amevaa suti.

"Hai," akasema kwa sauti ya kusikika.

Watu wa Kanja wakatazamana. Mzee Nyamu, mjomba mkubwa wa Munyi, akamwinamia jirani yake, lakini ni mzee asiyesikia vizuri, na kunong'ona kwake ni kupiga kelele.

"Huyu msichana anatusalimia sasa? Si tulisalimiana kwa gate?"

Baba Kendi akachukua kibuyu, akajimiminia kikombe cha kwanza kikajaa pomoni.

"Mzee Nyamu, tulia. Hiyo ni ndiyo," akasema. "Mimi nimefika Japani."

Akanywa.